UZI: "Kidogo tu haidhuru" – seli za kinga zinavyoijua ngano, na kwa nini mwanangu hawezi kula hata kijiko

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi.

Usiku wa kumi wa Ramadhani iliyopita mwanangu wa kike, umri wake miaka 9, alitapika mara nne. Tulikuwa tumealikwa futari kwa shangazi yake hapa hapa Wete. Mimi nilikwenda tarawehe, na niliporudi nikamkuta amejikunja juu ya mkeka, mama yake anampangusa uso. Nikauliza kala nini. Watu kimya. Baadaye dada yangu akasema kwa sauti ya chini: "Tambi kidogo tu, kaka. Kijiko kimoja. Alikuwa akiwatazama wenziwe wanavyokula, roho ikaniuma."

Dada yangu anampenda mtoto huyu kuliko nafsi yake, kwa hiyo sikuleta uzi huu kumsema. Nataka kulizungumza lile neno "kidogo tu". Nimelisikia kwa bibi yake, kwa majirani, kwa muuza maandazi wa skuli, hata kwa mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Nasomesha bayolojia, na tangu mtoto agundulike nimesoma kila nilichoweza kuhusu ugonjwa wake, siliaki, unaomkataza ngano. Nitaeleza ndani ya utumbo kunatokea nini, seli kwa seli. Ukishaelewa seli zinafanya nini, neno hilo halitakutoka tena.

Kwanza kisa kwa ufupi. Alianza akiwa na miaka 4. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono myembamba, choo chepesi chenye mafuta na harufu kali. Urefu ukasimama, mdogo wake akamfikia. Damu ikawa pungufu, akapewa dawa ya kuongeza damu, haikupanda. Dawa ya minyoo kapewa mara tatu. Tuliambiwa ni chango, tuliambiwa ni kijicho, tukasomewa na kuogeshwa. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mpaka daktari mmoja wa Dar es Salaam akatuuliza swali ambalo hatujaulizwa na mtu: "Asubuhi anakula nini?" Boflo na chai. Skuli? Andazi. Jioni? Chapati. Akaandika kipimo cha damu, kisha akaingizwa mpira wenye kamera na kukatwa vipande vidogo vya utumbo. Jibu: ugonjwa wa siliaki.

Sasa tuingie ndani.

Kila aliyekanda unga wa chapati anaijua gluteni kwa mikono yake, hata kama jina halijui. Donge la ngano ukilivuta linafuata mkono, halikatiki. La unga wa mchele linavunjika. Kinachovutika ni gluteni, protini za ngano za makundi mawili, gliadini na gluteneni. Shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, zina jamaa zake.

Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, kila shanga ni asidi amino moja. Ukila samaki, vimeng'enya vya tumbo na utumbo vinaukata uzi ule mpaka zinabaki shanga moja moja au mbili mbili, ndizo mwili unazozifyonza. Gluteni imejaa shanga za aina mbili, prolini na glutamini. Prolini inaupinda uzi, kwa hiyo kisu cha kimeng'enya hakipati pa kukata. Ni kama kamba ya makumbi iliyojaa mafundo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kipande kimoja cha gliadini chenye asidi amino 33 kinachobaki kizima baada ya kupita kwenye vimeng'enya vyote vya kawaida.

Naomba hili lishikwe: kipande hicho hakimeng'enywi kwa mwanangu, na wala hakimeng'enywi kwako wewe. Tumbo lake si bovu. Tofauti inaanza kipande kikishavuka ukuta wa utumbo na kukutana na seli za kinga.

Nyuma ya ukuta huo kuna kimeng'enya kiitwacho transiglutaminesi. Kazi yake ni njema, kinashona protini tishu inapotengenezwa, kama fundi wa viraka. Kikikutana na gliadini, kinazigeuza baadhi ya shanga za glutamini kuwa glutamati, ambayo ina chaji hasi. Mabadiliko madogo sana, lakini msiba unaanzia hapo.

Kila seli inayoonyesha mali kwa kinga ya mwili ina kitu mfano wa sinia. Inaokota vipande vya protini, inaviweka juu ya sinia, inawapitishia wakaguzi. Maumbo ya masinia tunarithi kwa baba na mama. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana sinia la aina ya DQ2, na wengi wa waliobaki wana DQ8. Masinia haya mawili yana vishimo vinavyopenda chaji hasi. Gliadini ambayo haijaguswa inakaa juu yake kwa kuyumba, ile iliyopita kwa fundi wa viraka inanasa barabara.

Wakaguzi ni seli za T, zile za kundi la CD4. Kila moja imeumbwa kutambua umbo moja tu. Yenye kutambua gliadini juu ya DQ2 ikiliona umbo lake, inaamka, inajizalisha, inamwaga kemikali za kuita wenzake: interferoni gama, interilukini 21. Inafanya vile vile ingefanya kwa kirusi. Seli haina njia ya kujua kwamba hii ni boflo ya asubuhi.

Nitaendelea baada ya isha. Umeme nao unakatika.

Khalati wa Mkunazini

Pole sana mwalimu, Mola amjaalie mtoto afya. Endelea, nimeweka mkeka hapa. Ila mimi nauliza, si ndio mzio huu? Mwanangu mimi akila pweza anavimba midomo.

Baharia wa Mkoani

Mwalimu heshima yako, ila wazee wetu wamekula bokoboko na mkate wa ajemi miaka nenda miaka rudi, hatukusikia maradhi haya. Si ndio maradhi ya Wazungu?

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Khalati, shukurani. Pweza na midomo kuvimba ni mzio. Huko kazi inafanywa na kingamwili (protini za kinga zinazokamata kitu kigeni) za aina ya IgE, mambo ni ya dakika, na mtu anaweza kukosa pumzi. Siliaki ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, gluteni ikiwa ndiyo kichocheo. Mtu anaweza kula boflo kila siku bila kutapika hata mara moja, huku utumbo unaliwa polepole. Ndiyo maana tulichelewa.

Baharia, ndugu yangu, nami niliuliza hivyo hivyo. Kiwango cha juu kabisa kuwahi kupimwa ni kwa watoto wa Kisahrawi, jangwani Afrika ya Kaskazini, kama watoto 5 hadi 6 katika kila 100. Ugonjwa upo Mashariki ya Kati, upo kaskazini mwa India. Na sisi hapa visiwani hebu tujiangalie, nani kati yetu hana bibi wa Hadhramaut, wa Muscat au wa Kachchh? Masinia yale yalikuja majahazini pamoja na watu. Kuhusu wazee kutosikia, mimi mwenyewe nina mtoto mgonjwa kwa miaka mitatu na sikusikia. Niliambiwa chango. Ni watoto wangapi wa zamani walioitwa "wa chango", wakazikwa?

Ila kuwa na sinia si kuwa na ugonjwa. Huko Ulaya watu kama 30 hadi 40 katika 100 wana DQ2 au DQ8, na walio wagonjwa ni kiasi cha mmoja katika 100. Mke wangu anayo, nami huenda ninayo, na tunakula mkate salama.

Sasa niendelee pale nilipoachia, kwenye uharibifu.

Seli za T zikishaamka zinawasaidia jamaa zao, seli za B, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili. Zinatokea kingamwili dhidi ya gliadini, na, hili lilinishangaza kuliko yote, kingamwili dhidi ya fundi wa viraka mwenyewe, transiglutaminesi. Watafiti wa Berlin ndio waliotambua mwaka 1997 kwamba ndiye anayelengwa, na kipimo cha damu tunachopimwa leo kimetokana na ugunduzi huo. Kwa nini mwili umpige fundi wake? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba fundi na gliadini huwa wameshikana. Seli ya B inayomtambua fundi inammeza pamoja na mzigo aliobeba, kisha inaweka gliadini juu ya sinia. Seli ya T inapita, inaona umbo lake, inatoa msaada bila kujua imemsaidia nani. Gluteni ikikatwa kwenye chakula, msaada unakoma na kingamwili hizo zinashuka miezi inavyokwenda. Za mwanangu tumeziona zikishuka, kipimo baada ya kipimo.

Lakini wanaobomoa ukuta hasa ni seli nyingine. Katikati ya seli za ngozi ya ndani ya utumbo wanakaa walinzi wa kundi la CD8, wamejibana humo humo ukutani. Seli za ukuta zikiwa katika dhiki zinatoa interilukini 15, na zinachomoza alama juu yao, mfano wa mtu anayening'iniza kitambaa dirishani kuomba msaada. Interilukini 15 inawafanya walinzi wale wawe wakali na wazitafute alama hizo kwa kipokezi kiitwacho NKG2D. Wakiikuta seli yenye alama wanaiua. Walinzi hawa hawaitafuti gliadini kabisa. Wanaua seli za mwanangu mwenyewe, kwa sababu ya kelele zilizoanzishwa na gliadini.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vingi vidogo vinavyofyonza chakula, ukitazama kwa hadubini ni kama zulia la manyoya. Seli zake zikiuawa haraka kuliko zinavyozaliwa, vijidole vinafupika, mwisho zulia linakuwa sakafu. Daktari alinionyesha picha ya vipande vya mwanangu. Ilikuwa sakafu. Nilikaa kwenye kiti cha spitali nikakumbuka kila chupa ya dawa ya damu niliyomnywesha kwa nguvu huku analia. Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na mahali pale palikuwa pameharibika. Dawa ilikuwa inapita tu.

Dada wa Chake

Subhanallah. Mwalimu mimi nina miaka 31, damu pungufu tangu nizae wa kwanza, vidonge vya chuma nimekula mpaka meno yamebadilika. Tumbo linajaa gesi. Nimesoma uzi huu nikaweka boflo chini. Naacha ngano kuanzia kesho nione.

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Dada, nakuomba kwa heshima usiache kesho. Damu pungufu ina sababu nyingi, na siliaki ni moja tu katika hizo. Kipimo chake kinatafuta kingamwili, na hizo zinatengenezwa pale seli za T zinapoiona gluteni. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, majibu yanatoka safi na wewe unabaki hujui. Endelea kula kama kawaida, mwone daktari, mtajie jina la kipimo: kingamwili za IgA dhidi ya transiglutaminesi. Mwombe apime na IgA yote kwa jumla, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA, na kwao kipimo cha kawaida kinaweza kudanganya. Ukishapata majibu ndipo muamue pamoja.

Mpemba wa Mjini

Mleta uzi, nimefuatilia tangu mwanzo. Ila hujajibu swali lako mwenyewe. Kijiko KIMOJA cha tambi kinawezaje kumtapisha mtoto ambaye miaka yote alikuwa anakula boflo nzima? Hapo mimi sijaelewa.

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Hilo ndilo swali lililonifanya nifungue uzi, na ahsante kwa kuliuliza wazi.

Seli za T zina kumbukumbu. Baada ya mapambano nyingi zinakufa, lakini zinabaki chache zinazokaa muda mrefu, tayari. Ni neema, ndivyo chanjo ya surua inavyofanya kazi. Kwa mgonjwa wa siliaki neema hiyo hiyo imegeuka mzigo. Watu waliokaa miaka mingi bila kuonja ngano wamepimwa, na seli zao za T zinazoitambua gliadini zikakutwa bado zipo, na bado zinaitambua. Utumbo unapona. Vijidole vinaota tena. Kingamwili zinashuka. Lakini seli hazijasahau.

Na zina kasi. Watafiti walipowapa gluteni wagonjwa ambao tayari walikuwa wameiacha, interilukini 2, kemikali inayotolewa na seli za T zinapoamka, ilipanda katika damu ndani ya saa 2 hadi 4. Waliopandisha zaidi ndio waliochafukwa na kutapika zaidi. Mwanangu alikula tambi magharibi. Saa mbili na robo za usiku akaanza kutapika. Niliposoma utafiti ule nilirudia kuhesabu saa zile kwa vidole.

Kuhusu boflo nzima ya zamani, wagonjwa wengi husimulia hivyo hivyo, kwamba walipokuwa wakila kila siku mwili ulikuwa katika vurugu ya kudumu, hawakujua kipi kimeleta nini. Walipoacha na kupona, hata kidogo kinajulikana mara moja.

Tena si lazima atapike ndipo adhurike. Katika jaribio moja, miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zilitosha kuharibu utumbo wa wagonjwa waliokuwa wakijitunza vizuri. Kipande kimoja cha mkate kina kiasi cha gramu 2 au zaidi. Gawanya kipande hicho mara arubaini, chukua fungu moja, ndiyo miligramu 50. Chenga tu. Bibi yake anayemmegea "kidogo tu" anampa zaidi ya hapo, na anampa kwa mapenzi.

Khalati wa Mkunazini

Nimeelewa sasa, na nimelia. Hivi hawakuwahi kujua zamani kama ngano ndiyo mbaya?

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Khalati, maradhi yenyewe yanajulikana tangu enzi za Wayunani, na jina limetokana na neno lao la tumbo. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa London, aliyaeleza vizuri, akasema kama mgonjwa atapona basi ni kwa chakula, lakini chakula gani hakukijua. Aliyejua ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikwishaanza kuutilia shaka mkate kabla ya vita. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipatwa na njaa kali, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengine wanadhoofika, wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena. Akaandika utafiti wake kamili mwaka 1950. Namwombea heri mtu yule kila nikimwona mwanangu anakimbia.

Baharia wa Mkoani

Nimeondoa usemi wangu wa Wazungu. Dawa je? Hakuna kidonge?

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Tiba iliyopo ni kuacha ngano, shayiri na rai, maisha yote. Kuna kidonge cha kumzuia yule fundi wa viraka, ili gliadini isigeuzwe. Matokeo ya majaribio yaliyotangazwa 2021 yalionyesha kinapunguza madhara kwa watu waliokuwa wakila gluteni kwa makusudi wiki 6. Nafuatilia kwa hamu. Lakini sitampa mwanangu matumaini ya kidonge leo akaacha kujichunga.

Mama Wawili, Bububu

Mwalimu nina wifi yangu mtoto wake kagunduliwa hivyo hivyo mwezi uliopita, hajui ampikie nini. Futari zetu zote ngano. Na ukienda mashineni kusaga mchele, mashine ile ile wamesagia ngano. Tufanyeje?

Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Mpe salamu wifi yako, mwambie visiwa hivi vina chakula kuliko anavyodhani. Mkate wa kumimina, vibibi, vitumbua, vyote ni mchele. Muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, viazi vikuu, wali, ugali, samaki, maharage. Bajia za kunde. Mwanangu tangu aache ngano ameongezeka urefu mpaka sare ya skuli tumebadilisha mara mbili.

Ahofie vitu vilivyofichika. Urojo una unga wa ngano ndani yake, ndio unaoupa uzito, nao ndio uliotuumiza zaidi maana alikuwa akiupenda. Shurba ya shayiri au ya ngano, hapana. Kaimati, visheti, manda za sambusa, bokoboko, hapana. Katlesi ni viazi, lakini uliza zimechovywa nini kabla ya kukaangwa. Halua, uliza wanga wake wa nini. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasikaange muhogo wa mtoto. Mtama na mkate wa mofa ni halali kwake, ila ikiwa hakuna unga wa ngano uliochanganywa, na wengi siku hizi wanachanganya.

Mashine, hapo umegusa pagumu. Sisi tumeacha kabisa kwenda kusagisha. Mke wangu anaroweka mchele usiku, asubuhi anausaga na tui kwenye blenda ya nyumbani ambayo haijaonja ngano, anatia hiliki na hamira, mkate wa kumimina tayari. Mtama anautwanga kwenye kinu kisha anauchekecha. Chekecheo ni la mtoto peke yake, limetundikwa ukutani, limefungwa utambi mwekundu ili mgeni asilichukue.

Dada yangu alikuja Idi na sufuria lake. Alikuwa amepika bokoboko la mchele, kwa kuku, samli na kila kitu. Alimpakulia mwanangu kwanza, kabla ya watu wazima, akakaa pembeni akimwangalia anavyokula. Ilipofika saa tatu usiku alinipigia simu kuuliza: "Katapika?" Nikamwambia amelala tangu zamani.